Uhakiki wa Uhai

Jumatano asubuhi, saa tatu na dakika chache, mzee mmoja alikuwa ameketi sebuleni kwa mwanawe akijaribu kuithibitishia ofisi ya wastaafu kwamba hajafa.

Ushahidi alikuwa nao wa kutosha. Alikuwa anapumua, amekunywa chai vikombe viwili, na tangu kulipokucha alikuwa ameshagombana na mwanawe kuhusu bomba linalovuja. Lakini ofisi haikutaka ushahidi wa namna hiyo. Ilitaka ajaze tarehe yake ya kuzaliwa, aweke picha ya uso, kisha abonyeze kitufe cha kijani kilichoandikwa THIBITISHA, tena ndani ya kishikwambi kilekile alichozawadiwa siku ya kuagwa kazini na si kifaa kingine chochote, kwa sababu za kiusalama. Mzee alibonyeza. Hakuna kilichotokea. Alibonyeza tena kwa kidole gumba, halafu kwa heshima, halafu kwa hasira. Kitufe kilibaki kijani, hakina hili wala lile.

"Mkwe!" aliita.

"Abee, baba."

"Hebu njoo uniambie. Imekufa hii mashine, au nimekufa mimi?"

Mkwe wake aliinuka kutoka meza ya chakula, ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa ofisi yake mchana na meza ya chakula jioni. Wenzake walimwita Nukta, tangu chuoni, alipokesha akitafuta nukta moja iliyosahaulika katika kazi ya kundi zima. Mumewe alilipenda jina, likahamia nyumbani. Alikuwa mtunga programu. Kampuni ya kuuza samani mtandaoni ndiyo iliyomlipa mshahara, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maktaba yake ya JavaScript, lugha ya kompyuta inayoendesha tovuti, maktaba isiyo na kitabu hata kimoja: rundo la msimbo ulioandikwa tayari, ambalo mjenzi yeyote wa tovuti angeweza kulichukua bure akatengenezea fomu zake. Watu elfu tisa walikuwa wameipa maktaba hiyo nyota, alama ya kuipenda. Nyota haziliwi, mumewe alikuwa akisema, lakini Nukta alizitazama kila asubuhi kabla hajapiga mswaki.

Mzee, kwa upande wake, akiulizwa na wenzake mkwewe anafanya kazi gani, alijibu, "Anafanya kazi ya kukaa."

Nukta alikichukua kishikwambi, akabonyeza. Kitufe hakikumheshimu yeye pia.

"Mwisho wa uhakiki lini, baba?"

"Keshokutwa, Ijumaa, saa kumi jioni. Kila mtu na mwezi wake wa kuzaliwa, na mimi mwezi wangu ndio huu. Usipothibitisha, kadi ya matibabu inajifunga yenyewe." Mzee alitoa mfukoni lenzi yake ya kukuzia maandishi, akaifuta kwa shati. "Na Jumatatu saa mbili naingia chumba cha upasuaji."

Hilo hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Jicho la kushoto la mzee lilikuwa limeshakwenda zake. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na miadi ya kulitoa aliisubiri miezi minane. Kadi ikifungwa, miadi inafutwa, na miezi minane mingine jicho lile halikuwa nayo.

Walipiga simu ya msaada. Baada ya muziki wa dakika ishirini, sauti changamfu ikasema, "Aapdeti kivinjari tu, atafanikiwa."

"Kivinjari ndiyo nini?" mzee aliuliza.

"Ni ile programu unayofungulia tovuti, baba. Lakini cha kwako hakiongezeki tena. Kifaa chenyewe kimefika mwisho wa maboresho."

"Kama mwenyewe," alisema mzee.

*

Ofisi ya wastaafu ilikuwa na viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kujilazimisha, na madirisha sita, mawili yakiwa wazi. Kwenye dirisha la nne alikaa dada mmoja mwenye miwani aliyewapokea vizuri sana, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kufanya lolote.

"Uhakiki ni mtandaoni tu, mzee wangu."

"Mimi hapa, mama. Unaniona?"

"Nakuona vizuri kabisa. Lakini mimi kukuona siyo uhakiki."

"Basi naomba fomu ya karatasi," alisema Nukta.

"Karatasi tuliziondoa, dada. Tunakwenda na wakati."

"Sasa mtu ambaye kifaa chake hakikubali afanyeje?"

Dada wa dirisha la nne alifikiri kwa dhati. "Awe na kifaa kinachokubali."

"Lakini mfumo wenu haukubali kifaa kingine!"

"Ndiyo," alisema yule dada, akiwa amefurahi kwamba wameelewana.

Mzee hakupandisha sauti. Alikuwa amekaa upande wa pili wa dirisha kama lile kwa miaka thelathini na minne, karani wa masjala, na utaratibu aliuheshimu hata ulipomkanyaga. Aligeuka aondoke. Hapo bibi mmoja aliyekaa kiti cha mbele akamtazama, akainamisha kichwa, akamtazama tena.

"Wewe si Bwana Rudi Kesho?"

Mzee alijifanya hakusikia. Watu watatu walio karibu walisikia kwa niaba yake.

"Ndiye huyu!" bibi aliwaambia majirani wa kiti. "Huyu alinirudisha na hati ya kiwanja mara nne. Mara ya mwisho eti nimejaza kwa wino wa bluu."

"Fomu ilitaka wino mweusi," mzee alisema.

"Haya. Na leo wewe wamekurudisha kwa wino gani?"

Watu walicheka. Mzee alinyoosha kola ya shati akatoka akiwa ameshika mkono wa mkwewe, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

*

Adhuhuri ile Nukta aliomba likizo ya siku mbili kwa kampuni ya samani, akakiunganisha kishikwambi na kompyuta yake kwa waya. Kwa njia hiyo angeweza kusoma kile ambacho kivinjari kinasema kimoyomoyo bila kumwonyesha mtumiaji. Na kilikuwa kinasema. Kilikuwa kinasema kwamba kimefika mstari wa kumi na mbili wa faili fulani, kimekutana na alama kisiyoijua, na kwa hiyo kimelikataa faili zima, mistari elfu mbili na ushei. Tarehe, picha na kitufe, vyote vilikuwa ndani ya faili hilo. Kitufe cha kijani hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa picha ya kitufe tu, nyuma yake hakuna mtu.

"Nani kaandika upuuzi huu?" Nukta alijisemea, akafungua faili amjue mjinga huyo.

Juu kabisa ya faili, mahali ambapo waandishi wa programu huachiana maelezo, palikuwa na maneno haya: *Toleo la tatu. Msimbo wa vivinjari vya kale umeondolewa. Ni asilimia moja tu ya watumiaji. Waboreshe vifaa vyao.* Chini yake, tarehe ya mwezi wa kwanza. Chini ya tarehe, jina: *Nukta.*

Aliikumbuka siku yenyewe. Alikuwa amefuta mistari mia nne ya msimbo mzeemzee, akajisikia mwepesi, na watu wasiomjua kutoka nchi asizozijua walimpigia makofi ya vidole. Hakufikiri kwamba asilimia moja ina magoti yanayouma, ina lenzi mfukoni, na inakunywa chai sebuleni kwake. Na mjenzi wa tovuti ya wastaafu hakuwa amejisumbua kuweka nakala yake ya maktaba. Aliandika mstari mmoja unaosema niletee iliyo mpya kabisa, kila siku, akaenda zake kula. Siku Nukta alipobadilisha, wastaafu wote walibadilishiwa.

"Umeona nini, mwanangu?" mzee aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Ni... ni watu waliotengeneza tovuti, baba. Hawakuwa makini."

"Siku hizi watu hawana uchungu na kazi," alisema mzee, na Nukta akaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Mumewe, fundi wa mafriji, aliporudi na boksi lake la spana, Nukta alimvuta jikoni akamweleza yote kwa kunong'ona. Fundi alisikiliza huku anakunywa maji.

"Kwa hiyo aliyemuua baba yangu ni wewe."

"Sema polepole!"

"Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kama kina nyota elfu tisa." Aliona macho ya mkewe yamejaa machozi, akaacha mzaha, au akaupunguza. "Sasa sikiliza. Mimi friji ikija na kompresa ambayo haitengenezwi tena, siandiki barua kiwandani. Natia kiraka. Wewe weka kiraka kwa kishikwambi cha mzee peke yake. Kikija hicho, kipitishe mlango wa nyuma. Funika kombe, mwanaharamu apite."

"Hiyo siyo njia, mume wangu."

"Njia utaitafuta Jumatatu, mzee akishaona."

*

Alhamisi asubuhi Nukta alitia kiraka. Kilikuwa kifupi, mistari sita, kinakiuliza kila kivinjari kinachobisha hodi: wewe ni nani? Kikijitaja kwa jina la kile cha kishikwambi, kinapewa faili la kale.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu wa kazi hiyo analijua, na Nukta alilijua kuliko wengi, kwa sababu alikuwa amelifundisha kwenye mkutano, akisimama mbele ya watu mia mbili na kipaza sauti. Vivinjari ni waongo. Zamani tovuti ziliwafukuza wageni kwa majina, basi kila kivinjari kipya kikajifunza kutaja na majina ya wenzake, kama mtu asiyealikwa harusini anayetaja ukoo mzima mlangoni ili aachiwe apite. Ndiyo maana usiulize jina. Uliza kinaweza kufanya nini. Nukta alikuwa amepigiwa makofi kwa maneno hayo. Alhamisi asubuhi, kwa hofu, aliuliza jina.

Kiraka kilidumu dakika arobaini. Ndani ya muda huo nusu ya simu mpya kabisa zilijitaja kwa jina lile, zikapewa faili la kale, na fomu za watu zikaparaganyika. Kliniki moja ya meno ikapoteza kalenda yake. Duka la viatu likawa linawauliza wateja tarehe bila kuwapa mahali pa kuandika. Malalamiko yakaanza kuingia, mengine ya adabu, mengi ya watu ambao maktaba hawakuilipia hata senti na sasa walidai haki yao kwa herufi kubwa. Na kishikwambi cha mzee, kilichosababisha yote, nacho hakikufunguka, kwa sababu kilijitambulisha kwa jina la kivinjari kingine.

Nukta alikiondoa kiraka. Alilaza kichwa mezani.

"Mwanangu," alisema mzee. "Kazi ya kukaa imekuwa ngumu leo."

Haikuwa kejeli. Alikuwa ameleta chai, nusu imemwagika kwenye sahani kwa sababu ya jicho. Nukta aliinua uso. Mumewe alikuwa kazini, na alihitaji mtu wa kushika vifaa na kubonyeza wakati yeye anaandika.

"Baba, unaweza kunisaidia kujaribu?"

"Kujaribu nini?"

"Nitabadilisha kitu, wewe utabonyeza kwenye kila kifaa, utaniambia kimetokea nini. Kila kivinjari kina ugonjwa wake. Nikiponya huku, naweza kuvunja kule."

Mzee aliweka chai mezani. Kisha akaenda chumbani, akarudi na daftari la mistari, rula na kalamu nyeusi. Alichora safu nne: kifaa, kitendo, kilichotokea, sahihi ya mkaguzi. Alipanga mezani kishikwambi chake, simu ya Nukta, simu ya zamani ya mwanawe yenye kioo kilichopasuka, na kompyuta ya vivinjari vitatu. Tangu astaafu hakuwa ameonekana na furaha kiasi kile.

Safari hii Nukta alifanya kama alivyofundisha, na kila badiliko alilipitisha kwanza kwenye vifaa vya mezani peke yake, kabla ya kulitoa kwa ulimwengu. Hakuuliza jina. Unaijua alama hii? Hapana? Chukua iliyoandikwa kwa lugha ya zamani. Unaweza kufungua kamera ndani ya ukurasa? Huwezi? Basi mruhusu mtumiaji achague picha aliyokwisha piga. Mistari aliyoifuta mwezi wa kwanza aliirudisha mmoja mmoja, na mingine ilibidi aitunge upya. Mzee alibonyeza, akaandika. Kishikwambi: kitufe kimeitika. Simu iliyopasuka: kitufe kimeitika mara mbili, haifai. Kompyuta, kivinjari cha pili: kalenda imejificha nyuma ya picha, haifai. Hakukubali neno "karibu sawa". Nukta alilisema mara moja tu.

Saa kumi jioni kishikwambi kilifika ukurasa wa mwisho, ule wa kuhakiki kabla ya kutuma. Nukta aliruka kutoka kwenye kiti.

"Imekubali! Bonyeza, baba, bonyeza!"

Mzee alisogeza lenzi kwenye kioo. Kidole hakikushuka.

"Hii siyo tarehe yangu."

"Vipi?"

"Mimi nimezaliwa tarehe mosi mwezi wa saba. Hapa wameandika tarehe thelathini mwezi wa sita."

"Labda umekosea kujaza."

"Mkwe," alisema mzee kwa upole wa kutisha. "Mimi?"

Nukta alitazama. Tarehe ingetofautiana na ile ya kwenye daftari la ofisi, mfumo ungemhesabu tapeli, na kadi ingefungwa saa hiyohiyo bila kusubiri Ijumaa. Alipekua msimbo. Kivinjari kilikuwa kinaichukua siku ya kuzaliwa kama saa sita kamili usiku wa hapa, kisha kinaipeleka kwa saa za dunia, ambako bado ilikuwa jana yake. Alimweleza mzee, akichora kwa kidole hewani.

"Kwa nini mnaitia saa?" mzee aliuliza. "Nani kakuuliza nilizaliwa saa ngapi? Hata mama yangu alikuwa haijui."

"Kompyuta inapenda wakati kamili, baba."

"Masjala tulikuwa na visanduku vitatu. Siku. Mwezi. Mwaka. Unaandika namba, basi. Hiyo ni namba ya mtu, siyo saa ya basi."

Nukta aligeukia kompyuta. Alifuta mistari themanini ya kalenda yake nzuri, akaweka visanduku vitatu. Kwenye vivinjari vyote sita, tarehe ilikaa palepale ilipowekwa.

"Sahihi ya mkaguzi," alisema mzee, akatia sahihi. Kisha, kwa mazoea ya mtu ambaye hapokei hati bila kumjua aliyeitia saini, akasogeza lenzi juu ya faili lililokuwa wazi kwenye kompyuta ya mkwewe. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Nukta alijua anasoma nini na hakuwa na pa kukimbilia.

"Nukta," alisema mzee. "Jina hilo nimelisikia wapi?"

Jikoni friji ilinguruma.

"Ni mimi, baba. Siyo wajenzi wa tovuti. Ni mimi niliyeondoa. Nilikudanganya jana."

"Kwa hiyo mimi ni asilimia moja."

"Haikuwa wewe, baba, ilikuwa..."

"Nani, sasa?"

Mzee alishusha lenzi. Uso wake haukuwa na hasira, na Nukta angeipenda hasira zaidi.

"Mahali popote penye kazi pana faili la malalamiko," alisema. "Lilete."

Nukta alilifungua. Tangu mwezi wa kwanza, malalamiko kumi na manne kuhusu vivinjari vya kale. *Baba yangu hawezi kutuma fomu ya uhakiki. Kitufe hakifanyi kazi kwenye kifaa cha mama. Tafadhali, ni mstaafu, hana kifaa kingine.* Chini ya kila moja, jibu lilelile, alilokuwa amelihifadhi ili asichoke kuliandika: *Boresha kivinjari chako. Imefungwa.*

Mzee aliyasoma yote kumi na manne. Ilimchukua karibu saa nzima.

"Mimi nilikuwa naandika 'rudi kesho'," alisema mwishoni. "Angalau nilikuwa natoa siku."

Fundi aliporudi alikuta mkewe analia na babake anachora safu mpya kwenye daftari. Aliuliza nani amekufa. Hakuna aliyecheka.

*

Ijumaa ilikwenda yote kwa picha. Kwenye kishikwambi kila kitu kilikuwa sawa ila kwamba picha ya mzee ilitokea ubavu, sikio juu, kidevu kushoto.

"Tuma tu baba, muda unakwisha," fundi alisihi. Hakuwa ameenda kazini. "Watageuza shingo."

"Uso umelala," alisema mzee. "Nikituma hii wataandika nimeshalazwa."

Saa saba Nukta alipata chanzo chake: kamera huandika pembeni ya picha upande ulio juu, na kivinjari cha kale hakisomi maandishi hayo. Alikifundisha kusoma. Saa nane mzee alitia sahihi ya mwisho kwenye daftari, baada ya kujaribu upya vifaa vyote, hata vile vilivyokuwa vizima. Nukta alitoa toleo jipya kwa ulimwengu. Mjenzi wa tovuti ya wastaafu hakujua, hakuulizwa, hakuambiwa. Mstari wake mmoja wa uvivu, uliowafunga wastaafu wenye vifaa vya kale mwezi wa kwanza, uliwafungulia saa nane na robo.

Mzee aliketi wima. Visanduku vitatu. Picha, kidevu chini. Alisoma ukurasa wa kuhakiki kwa lenzi, kila herufi, huku mwanawe akizunguka kochi na kushika kichwa. Kisha akabonyeza kitufe cha kijani mara moja, taratibu.

*Hongera. Uhai wako umethibitishwa kwa miezi kumi na miwili.*

"Miezi kumi na miwili tu?" alisema mzee. Fundi alimkumbatia babake na lenzi yake na kishikwambi chake. Nukta alikaa sakafuni. Jumatatu ilikuwepo. Jicho lilikuwepo. Fundi alitaka kwenda kununua soda.

"Bado," alisema mzee. "Faili halifungwi bila mhusika kujulishwa. Ni saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

"Hao kumi na wanne. Huenda wako wengine wa mwezi huu. Waandikie."

Nukta alirudi mezani. Aliyafungua malalamiko moja baada ya jingine, na safari hii hakutumia jibu lililohifadhiwa. Kila moja aliliandika upya kwa mkono wake: *Samahani. Kosa lilikuwa langu, si la kifaa chenu. Sasa inafanya kazi. Kama ni mwezi wenu, jaribuni kabla ya saa kumi.* Mzee alikaa kiti cha pembeni, kalamu mkononi, akiweka alama ya vema daftarini kila moja lilipokwenda.

Majibu yalianza kurudi upesi kuliko walivyotarajia. *Imekubali!* mmoja aliandika. Mwingine alisema babake alikuwa ameshakata tamaa, sasa anacheza na kitufe. Mwingine aliuliza kama Nukta anaweza kumtengenezea na printa. Jicho la mzee lilikuwa limechoka, kwa hiyo Nukta alimsomea kwa sauti, na kila aliposoma fundi alipiga meza, na mzee akaandika kwenye safu ya tatu: imeitika. Nukta alianza kufunga yale yaliyokwisha, moja moja, na kila lililofungwa lilimpunguzia kilo mbili kifuani.

Alipofika la kumi na moja, macho yalimtangulia mpaka mstari wa mwisho, na sauti ikabaki nyuma.

"Soma," alisema mzee.

"*Asante dada kwa kujibu,*" alisoma Nukta. "*Uhakiki wa mama ulikuwa mwezi wa pili. Kadi ilifungwa, dawa za presha tukakosa. Alitangulia mbele ya haki mwezi wa tatu. Nimefurahi kwamba sasa inafanya kazi kwa wengine.*"

Fundi aliondoa mkono wake mezani. Mzee alitazama daftari, safu ya tatu, mstari wa kumi na moja. Kalamu aliisogeza, akairudisha, akaiweka chini bila kuandika. Nje mtu alikuwa anaburuta kiti kwenye sakafu ya jirani.

Mkono wa Nukta, kwa mazoea ya miaka, ulikuwa umekwisha peleka mshale juu ya neno *Funga*.

"Hilo usilifunge," alisema mzee.

Nukta akautoa mkono, na lalamiko la kumi na moja likabaki wazi.